Nyumbani ni Kushoto

Siku hizo hakuna aliyekumbuka njia; hata kwako hufiki mpaka uelekezwe.

Kwenye njia panda Zawena alisema, "Nyumbani." Simu yake ikajibu kulia. Gari, alilolinunua juzi kwa mtu, likajibu kushoto. Sheria iliruhusu mwelekezaji mmoja tu, basi akazima simu, maana ramani ya gari ilikuwa kubwa, haimuumizi macho.

Gari likasimama kwenye geti asilolijua. Mtoto akatoka mbio. "Shikamoo mama! Leo umechelewa." Nyuma yake mwanamume akaja kumpokea mkoba.

"Samahanini jamani," Zawena akasema, "mimi nimepotea."

"Kila jioni unasema hivyo, mke wangu," mwanamume akajibu kwa upole, huku akiichukua ile simu iliyozimwa mkononi mwa Zawena. "Ingia, chai inapoa."