Ukuta wa Fundi Husseni

Kofia ya mzee Ambilikile ilipaa kabla ya ndege. Mzee alikuwa ametoa kichwa mlangoni, akachungulia huku na huku, akakohoa. Upepo wa panga la ndege ukamvua kofia, ukaipitisha juu ya bati na kuinasa kwenye mgomba.

"Zima!"

Husseni akazima. Huyu ni fundi pikipiki wa mtaa wa Ibighi, Tukuyu, na kwa miaka saba alikuwa anaunda ndege ya mtu mmoja kwa mabomba na vyuma chakavu. Haikuwa imeruka hata kimo cha kuku, lakini kila alipojaribu injini mtaa mzima ulijua.

Bahati mbaya, kiwanja chake kilikuwa katikati. Upande wa juu alikaa mzee Ambilikile, upande wa chini mwanawe Meshaki aliyeoa juzijuzi, milango ya nyumba zao ikitazamana. Malalamiko yakatoka pande zote mbili.

Mwenyekiti wa mtaa, mama Felista, aliyasikiliza kwa zamu. Hakuwa na jinsi: Atupele, mke wa Meshaki, ni mkamwana wa mzee, na kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Binti akajificha nyuma ya stoo mpaka mzee amalize.

"Nashindwa kutoka nje ya nyumba yangu mwenyewe!" mzee alifoka.

"Hata maharage siwezi kuanika kwa amani," akasema Atupele zamu yake ilipofika.

Felista akakata shauri. Fundi ajenge ukuta wa kuzuia kelele na upepo. Jumamosi angekuja kupima: wote wakiridhika, fundi apewe kibali cha kuendelea; mlalamikaji hata mmoja akisema bado, ndege iondoke mtaani. Husseni nusura alie. Iende wapi? Kiwanja kingine hana.

Akajenga kama mwendawazimu: matofali ya kuchoma mistari miwili, katikati maranda ya mbao ya kumeza sauti, juu mabati yaliyoinamishwa ili upepo uelekee mawinguni. Siku ya tatu ukuta ulimfika kifuani, na injini ikasikika kama cherehani.

"Bado," mzee akasema. "Ongeza kimo."

Akaongeza.

"Bado. Urefushe mpaka kwenye njia ya chooni. Sauti inapitia pale."

Kumbe hata Atupele alimtuma Meshaki na ombi hilohilo la njia ya chooni. Husseni akakuna kichwa, akarefusha.

"Mume wangu," mkewe Najat alimwambia wakati wa chakula, "jana hukuwasha injini kabisa, na mzee alikuja kulalamika."

"Masikio ya wazee hayo," Husseni akacheka.

Jumamosi jua likatoka, jambo ambalo Tukuyu halina ratiba. Watu wakajaa barabarani. Husseni akapanda kwenye ndege yake, akasema Bismillahi, akashika kamba ya kuwashia.

Felista akasubiri kidogo, kisha akaanza na upande wa chini. Akamkuta Atupele amejinyoosha kwenye mkeka katikati ya uwanja, khanga imemlegea kichwani, maharage yametandazwa kila mahali, anaimba.

"Kelele vipi, binti?"

"Kimya kabisa, mama! Na huo ukuta mtu asiuguse!"

Felista akazunguka upande wa juu. Mzee alikuwa nje kwenye kigoda chake, vifungo vya shati wazi, miguu ameinyoosha, anamenya parachichi na kuota jua. Tangu harusi ya Meshaki hakuna aliyewahi kumwona amekaa pale.

"Tata," akamwita kwa heshima kama baba, "kelele vipi?"

"Kelele gani?" Mzee akafumba macho kwa raha. "Mpe fundi kibali chake. Ndaga fijo, asante sana, mwambie."

Felista akasaini palepale, akapiga na muhuri. Barabarani watu wakashangilia, vigelegele vikapaa.

Kichwa cha Husseni kikachomoza juu ya ukuta, jasho linamtiririka, kamba iliyokatika mkononi.

"Mama mwenyekiti, samahani jamani, nivumilieni kidogo. Bado sijaiwasha."