Bustani ya Gundi ya Buibui

Palikuwa na Buibui aliyechoka kusuka utando, akaanza kukusanya mimea inayokula wadudu, yenye majani ya gundi. Asubuhi moja Nzi alimkuta dada yake amenasa, jani likijikunja kumfunika.

“Bibi Buibui, mwokoe!”

“Mimea yangu haijala tangu juzi,” Buibui alijibu.

Nzi akaunyooshea mguu mmea mkubwa kuliko yote. “Basi njaa imeshaua ule mkubwa. Hauna hata tone la gundi.”

Buibui aliruka kuukagua, miguu yake yote minane ikanata. “Nivute!”

“Kwanza mrushie dada uzi.”

Buibui akarusha, Nzi akavuta, dada akachomoka akihema.

“Na mimi?” Buibui akalia.

Nzi akatazama mabawa ya jirani zake yaliyotapakaa chini ya majani. Akamwegemeza dada yake ubavuni mwake, wakaondoka, wakamwacha Buibui amenata.