Jani Lenye Rangi Mbichi

Nchi ya baba yake ungeivuka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana, ila ukoo wao ulijaza ukuta mzima wa ukumbi. Ulichorwa kama mti. Wana wa kiume walikuwa matawi. Mabinti walikuwa majani tu, na jani la binti lilichorwa siku alipoposwa.

Asubuhi hiyo Hedwiga alimkuta Mzee Gotlib, mchoraji wa kasri, juu ya ngazi yake ya mbao.

"Unamchora nani, mzee wangu?"

Brashi ikasimama. "Kumbe hawajakwambia, binti mtukufu?"

Hedwiga akasogea. Jani lilikuwa na jina lake, limefungwa kwa utepe wa dhahabu kwenye jina la mtawala wa nchi jirani. Kando ya jina hilo yalining'inia majani mawili ya kijivu: wake zake waliokwisha kufa.

"Baba alisema tutazungumza baada ya mavuno."

"Humu, mwanangu, mazungumzo huishia ukutani. Nimewachora shangazi zako sita, na hakuna aliyeulizwa."

"Rangi hukauka lini?"

"Kengele ya adhuhuri ikilia, hata kisu hakiibandui."

Hatua nzito za baba yake zikasikika barazani. Mzee Gotlib akashuka, akaupa ukuta mgongo, akaanza kuosha brashi taratibu, kama mtu asiyeona wala kusikia.

Hedwiga akavua viatu, akapanda, akaweka kidole gumba juu ya jina lake. Rangi ilikuwa baridi, na bado ilikuwa ikiteleza.