Wa Kuelea

"Huyu mweusi nimeshamkaza shingo, kaka. Miguu ilikuwa mirefu mno, nimeipunguza kwa mkasi. Bado yule mkaidi. Kesho mapema, wote mtoni."

Mshonaji aliondoa mguu kwenye cherehani. Chumba chake na cha jirani vilitenganishwa na ukuta wa mbao tu, na jirani alikuwa akiongea kwenye simu kana kwamba anaagiza sukari.

Mke wa jirani, rafiki yake wa kuazimana sindano na siri, hakuonekana tangu juzi, na simu yake haikupatikana. Siku ile ya mwisho yeye na mumewe walikuwa wamegombana mpaka sahani zikavunjika.

Mambo ya ndoa za watu ukiyaingilia yanakutokea puani, hilo alilijua. Lakini rafiki ni rafiki. Akatoka, akabisha hodi.

Jirani alifungua, vipande vya manyoya vimemnasa kwenye ndevu.

"Shemeji, samahani," alisema mshonaji. "Nimekusikia unaongea. Unamkaza nani shingo?"

Jirani akaangua kicheko hadi akashika mlango.

"Ingia umwone marehemu!"

Mshonaji akavua ndala, akaingia. Mezani kulikuwa na jiliwa dogo, kibanio cha chuma, lililobana ndoana. Juu ya ndoana, manyoya meusi yamezungushiwa uzi yakawa mdudu mzima, na kiuno chake.

"Nzi wa kuvulia samaki, shemeji. Namfunga unyoya shingoni, nakaza. Miguu ikizidi, mkasi. Mimi nafunga wa kuelea tu. Huyu anakaa juu ya maji mpaka samaki adanganyike. Akizama, kazi bure."

"Jamani! Na mimi nilishafika mbali!" Mshonaji alishika kifua, akacheka hadi machozi. "Na rafiki yangu je?"

"Kwa mama yake. Kule mtandao ni wa kubahatisha. Akipiga nitamwambia umemlilia."

Mshonaji akaaga kwa aibu, akijiita mwoga na mbea. Alipofika chumbani kwake akaona amevaa ndala ambazo si zake. Kwa kiherehere alikuwa amechukua za rafiki yake pale mlangoni, na zake akaziacha.

Akarudi kubadilisha. Mlango wa jirani ulikuwa umerudishiwa tu. Aliinama taratibu, asije akachekwa mara ya pili.

Ndani, jirani alikuwa kwenye simu tena, safari hii kwa kunong'ona.

"Nimeshamtuliza, kaka, ameamini. Ila huyo uliye naye usimtupe hivihivi. Mfungie jiwe. Huyo hatakiwi kuelea."