Ugali wa Shija

Enzi hizo za haki kamili, neno la injini lilikuwa la mwisho, wala binadamu hakuruhusiwa kulipinga. Basi injini ya boti ya Mama Shija ilipoacha kutema maji ya kupoza, mkaguzi aliihoji yenyewe.

“Mama hakunisuuza,” ikajibu. “Uchafu umeniziba.”

Mkaguzi akamnyang’anya mama leseni ya unahodha.

“Ni mimi, afande,” Shija akasema, uso ukimwiva kwa aibu. “Nilishindilia ugali kwenye tundu la maji ili boti isinirudishe shule ya bweni.”

“Injini imeshasema, kijana.”

“Usinibebee kosa langu, baba,” mama akamwambia. “Labda nilisahau.”

Mkaguzi na mama walipoondoka, Shija alichokonoa tundu kwa waya. Ugali ukatoka.

“Mbona umemsingizia mama?”

“Wewe ni rafiki yangu,” injini ikanong’ona. “Kesho tuzibe nini?”