Mapigo Yasiyokosea

Ukuta wa kila sebule ulichora mapigo ya moyo ya wenye nyumba, na yule ambaye moyo wake uliyumba alichukuliwa, asirudi tena. Mwanakheri, msomaji wa michoro ya moyo hospitalini, alikuwa akimmiminia mumewe chai. Shomari alikuwa amepanda ngazi, anahema, anakohoa, lakini mstari wake ukutani haukubadilika hata kidogo. Kila wimbi lilifanana na lililotangulia. Moyo ulio hai haupigi hivyo. Ule ulikuwa mchoro wa zamani, unarudiwarudiwa.

Akaitua birika.

“Baba Nasra, tangu lini?”

Shomari alikuwa akiutazama mstari wa mkewe, ambao sasa ulianza kurukaruka.

“Mama Nasra,” alinong'ona, “tulia. Nakuomba, tulia.”