Upawa wa Dengu

Kalasinga mwenye gereji alimaliza kutengeneza lori la bosi wangu, lakini badala ya ufunguo akampa upawa.

"Dini yetu inatufundisha wote kula chini, mstari mmoja," alisema. "Leo utatugawia dengu wewe. Anza na huyu."

Huyu alikuwa Shija, mfugaji aliyechapwa na bosi asubuhi ile kwa fenibelti, mkanda wa injini, kisa ng'ombe wake waliziba njia. Shavu lilikuwa limevimba hadi kufunika jicho.

Tangu serikali iruhusu biashara binafsi, bosi alijifanya mungu wa barabara ya Muze. Sasa alishika upawa kama kaokota kinyesi.

Shija akainua sahani kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee."

Bosi akalitazama shavu lile, upawa ukakosa sahani. Dengu zikamwagikia viatu vya bosi.

Miaka sita nilikuwa namwogopa mtu huyu.